Umefanya usaili, wamekaa kimya: uwatafute au uuchune?

Wadau, hili tulijadili bila kuoneana haya. Umeitwa kwenye usaili, umejieleza vizuri, umeagwa kwa "tutakupigia". Wiki ya kwanza imepita, ya pili, ya tatu. Simu ikilia unaikimbilia, kumbe ni mtandao wanakukumbusha kuongeza salio. Sasa hapo unafanyaje?

Wapo wanaoamini kwamba ukiwatafuta unajishusha, wakikutaka watakupigia tu. Nami niliamini hivyo kwa miaka, mpaka nilipokaa upande wa pili wa meza.

Tulikuwa wasaili watatu. Aliyeongoza kwa alama tukampa ofa, akaomba siku kumi za kufikiria, kumbe anaitumia barua yetu kumbana bosi wake ampandishe mshahara. Siku zote hizo aliyeshika nafasi ya pili hakuambiwa kitu, tena kwa makusudi: ukishamwambia amekosa, utamrudia kwa uso gani yule wa kwanza akikataa? Faili lake lilikuwa kwenye meza ya mwenzetu wa utumishi, limewekewa kikombe cha chai juu. Akatuandikia mistari mitatu kuulizia. Faili likafunguliwa siku ileile. Sisemi ujumbe ndio uliompa kazi, maana alama alikuwa nazo, lakini tulishaanza kuzungumzia kutangaza nafasi upya.

Kwa hiyo kimya si lazima kiwe "hapana". Huenda bajeti imesimamishwa, au aliyekuwa akishughulikia ameacha kazi. Na tuseme ukweli, kuna siku nafasi ina mwenyewe tangu mwanzo, ninyi wengine mmeitwa kusindikiza.

Mimi siku hizi sitoki kwenye chumba cha usaili kabla ya kuuliza majibu yanatoka lini na nani wa kumuulizia. Tarehe ikipita, nasubiri siku mbili tatu za kazi, naandika: "Habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi ya karani wa ghala tarehe 12. Mlisema majibu yatatoka ndani ya wiki mbili. Naomba kujua mchakato umefikia wapi. Bado naihitaji nafasi hii." Wasipojibu, narudia mara moja baada ya wiki. Basi. Kumpigia mtu usiku kwenye namba yake binafsi, au kuanza na "mbona hamnijibu?", huko ni kujiharibia. Na maombi mengine yanaendelea kutumwa muda wote.

Ila ninachotaka tubishanie hasa ni hiki: kwa nini mzigo wote abebe mwomba kazi? Katika jimbo la Ontario, Kanada, tangu Januari 1, 2026 mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi aliyetangaza nafasi hadharani anatakiwa kumjulisha aliyesailiwa, ndani ya siku 45 tangu usaili wake wa mwisho, kama uamuzi umefanyika. Kwangu siku 45 ni nyingi mno, kodi ya nyumba haisubiri hivyo, lakini angalau kuna ukomo.

Waajiri hujitetea kwamba neno lolote wakiandika linaweza kuwarudia mahakamani. Lakini mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba, ingawa aliyekataliwa hana haki ya kuambiwa kama nafasi ilipewa mtu mwingine, mwajiri kugoma kutoa taarifa yoyote ni jambo linaloweza kuzingatiwa katika madai ya ubaguzi. Basi hata kimya nacho kinaweza kukurudia.

Sidai wajibiwe mamia waliotuma maombi. Nawasemea wale sita mliowaita, wakalipa nauli, wakadanganya kazini kwao kwamba wanaumwa, wakaketi mbele yenu nusu saa. Ninyi mliowahi kuajiri, ni nini hasa kiliwazuia kuwatumia mstari mmoja?