Kusimulia kitabu cha sauti cha mahasimu wanaoishia kupendana: tupeane uzoefu

#1
Wadau, hadithi za wawili wanaoanza kwa kurushiana maneno na kuishia kuoana zinanoga ukizisoma kwa macho, ila zikiingia kwenye sauti nyingi zinadoda. Anayejua zinapoharibikia amwage hapa.

Naanza na kosa kubwa: msimulizi anaujua mwisho, basi sauti yake inauvujisha. Sura ya pili wanatukanana, naye keshaanza kutabasamu. Tabasamu linasikika, maana midomo ikivutika vokali zinabadilika.

Dawa ni kusoma kitabu chote kabla ya kurekodi, kisha kila wanapokutana uandike pembeni namba 0 hadi 5: 0 ni chuki kavu, 5 wamekubaliana. Weka safu mbili, moja ya kila mhusika, kwa sababu hawalainiki pamoja. Kwenye Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813), Darcy anamposa Elizabeth kwa mara ya kwanza sura ya 34 kati ya 61, naye anamkataa kwa hasira. Hapo Darcy yuko 4, Elizabeth yuko 0. Ukiwasoma wote wawili kwa 2, tukio zima limekufa.

#2
Naongezea: chuki si kupayuka. Anayepayuka kitabu kizima humchosha msikilizaji mwenye spika za masikioni, na tusi la maana likifika halishtui tena. Chezea mapumziko. Kati ya kauli na jibu kwa kawaida acha kama nusu sekunde. Kwenye ugomvi kata ibaki robo. Wanapoanza kutazamana kwa jicho jingine, iache ifike sekunde nzima, hata kama maneno bado ni makali.

Mfano ni "nakuchukia". Mwanzoni litamke fupi, lote kwa mkupuo. Likirudi karibu na mwisho, vuta kidogo ile "ki", palepale mkazo ulipo. Neno ni lilelile ila maana imegeuka.

#3
Mkuu #2 umenena. Kwetu kuna mtego wa ziada: "alisema", "akajibu", "akamtazama" havitofautishi mume na mke. Wakibadilishana kauli kumi mfululizo, msikilizaji aliyeko kwenye daladala hana ukurasa wa kurudia, ana sauti yako tu.

Msikaze koo ili dume lisikike dume. Baada ya dakika 40 koo linakauka. Tofautisha kwa kasi na pumzi: mmoja anakata maneno, mwingine anavuta hewa kabla ya kujibu. Rekodi sekunde 20 za kila mhusika, uzihifadhi, uzisikilize kabla ya kila kikao. Bila hivyo, kufika sura ya 15 kijana amekuwa babu yake.

#4
Upande wa mitambo, kinachoponza ni ugomvi na mnong'ono kukaa kwenye faili moja. ACX, wanaopeleka vitabu Audible (duka la mtandaoni la vitabu vya sauti), wanataka wastani wa sauti (RMS) kati ya -23 na -18 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele kisizidi -3, na ukimya wa chumba usivuke -60. Hata kama kazi yako haiendi huko, ni kipimo kizuri. Ukinong'ona kikweli utalazimika kupandisha sauti wakati wa kuhariri, na vumo la feni na friji litapanda nayo, -60 ikushinde. Kwa hiyo usinong'one hewa tupu, sema kwa sauti ya chini yenye koo ndani yake.

Mdomo ukae shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Kiwango cha kurekodia kiseti kwa mstari wenye kelele kuliko yote kitabuni, si kwa ukurasa wa kwanza. Pakipayukwa, geuza uso pembeni kidogo, usirudi nyuma sana, mwangwi wa kuta utaingia. Penye mahaba sogea nusu shubiri, ila maikrofoni nyingi za upande mmoja huongeza besi ukizikaribia: wakati wa kuhariri kata mvumo mzito ulio chini ya 80 Hz. Na "p" ya "penzi" na "pole" hupiga kama ngumi. Maikrofoni iwe usawa wa pembe ya mdomo, si mbele yake. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ina nyongeza ya bure, ACX Check, inayokupa vipimo vyote vitatu.

#5
Je, wasimulizi wawili?

#6
Njia ni mbili. Ama kila mmoja asome sura za mhusika wake, ama kila mmoja aseme maneno ya mhusika wake kitabu kizima. Ya pili inanoga zaidi, ila uhariri wake ni wa kushona kauli kwa kauli, na vyumba viwili tofauti vitasikika kila mstari. Ya kwanza ni nafuu, mradi mbadilishane zile sampuli za #3, maana kila mmoja atamwigiza mwenzake.

Muda: saa moja iliyokamilika hula kama saa 6 za kazi, ukijumlisha kurekodi, kuhariri na kusikiliza tena. Na usirekodi mahaba siku ileile baada ya ugomvi, sauti inakuwa na mikwaruzo. Ukiruka sura kwa ajili hiyo, zile safu mbili za #1 ndizo zitakukumbusha kila mmoja alikuwa namba ngapi.