Naomba ushauri: programu ya kuandikia C kwenye Linux, laptopu ya RAM GB 4

Wadau, habari zenu. Natumia laptopu ya mtumba niliyoinunua Luthuli Avenue, Nairobi, RAM ni GB 4, ndani nimeweka Linux Mint ya Xfce (eneo-kazi jepesi). Naandika C zaidi, Python kidogo, na ndiyo naanza kuizoea gdb, zana ya kusaka makosa kwenye programu.

VS Code naipenda, sikatai. Shida ni kwamba imejengwa juu ya Electron, yaani inabeba Chromium, kivinjari kizima, tumboni. Nikiifungua pamoja na kivinjari, mashine inakwama hadi kipanya kinagoma kusogea.

Geany ni nyepesi sana na kukompaili ni kubonyeza kitufe tu, lakini haielewi kodi (code) kwa undani kama clangd, zana inayochambua C na kukuonyesha makosa ukiwa unaandika. Kate inaunganika na clangd vizuri, ila kwenye Xfce itavuta maktaba nyingi za KDE (eneo-kazi lingine, tofauti na Xfce), na bando nalo si la kuchezea.

Ndiyo maana naitazama Neovim, toleo jipya la Vim, kihariri cha kwenye terminal. Ina LSP tayari (njia ya kuongea na zana kama clangd), na mazoea ya Vim yatanifaa nikiingia kwenye seva kwa mbali kupitia SSH. Lakini huko kusanidi kwa lugha ya Lua kunanitisha kidogo.

Kuna anayetumia Neovim na clangd kwenye RAM GB 4? Clangd yenyewe haimalizi kumbukumbu mradi ukikua? Au nianze kwa kuongeza RAM, nibaki na VS Code? Mashine mpya msinitajie, kodi ya nyumba inanisubiri.