Meli iliyozama mita 30: hewa ya kawaida au nitroksi 32?

KasaWaChumbe
Salaam wazamiaji. Baada ya meli ya Great Northern pale mbele ya Mji Mkongwe (mita 12 tu, ilizama 1902), zamu ya vyombo vya kina cha mita 30. Mtungi ni wa lita 12. Nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni, hapa asilimia 32, ili naitrojeni ipungue na ukae chini zaidi) ina bei. Inafaa, au hewa inatosha?

BintiMalindi
Kwa mtungi huo, weka hela zako. Bar 200 ni lita 2,400. Mita 30 shinikizo ni bar 4, basi anayevuta lita 20 kwa dakika juu, chini anakula 80. Akiba ya kuwapandisha wawili wenye hofu kwa mtungi mmoja, pamoja na kusimama dakika 3 kwenye mita 5, ni lita 1,000 hivi, yaani bar 85. Zilizobaki ni dakika 17, na kushuka kumo humo. Jedwali la muda wa kukaa chini linakupa dakika 20 kwa hewa, 30 kwa nitroksi. Hizo 30 utazitumia na pumzi gani?

Mzamia_Nungwi
Sawa kwa mbizi ya kwanza. Ya pili siku hiyohiyo, naitrojeni ya kwanza bado imo mwilini, nitroksi inajilipa. Na mtungi wa lita 15 unafika dakika 25, hapo zile dakika 20 za jedwali la hewa ndizo zinazokubana.

FundiMitungi
Mnasahau maji, jamani. Bamvua letu (maji makuu) linapanda karibu mita 4. Chombo cha mita 32 maji yakipwa, yakijaa kiko 36, na nitroksi 32 mwisho wake ni mita 33, kwa kikomo cha shinikizo la oksijeni cha bar 1.4. Ukizidi, degedege huja bila hodi na regulata inatoka mdomoni. Nenda maji mafu, yanapopanda kidogo, ushuke maji yakisimama.

Mtungi upime mwenyewe: kipimo cha oksijeni kisome asilimia 20.9 hewani kwanza, fungua valvu kidogo, ngoja namba itulie. Ikitoka 36, rudisha. Mita 30 ushapita kikomo.

KasaWaChumbe
Shukrani. Na Pegasus, ile manowari ya Waingereza?

BintiMalindi
Usitegemee meli nzima. Königsberg, manowari ya Wajerumani, iliizamisha bandarini Zanzibar 20 Septemba 1914, mabaki yakauzwa chuma chakavu 1955. (Makaburi ya mabaharia wake yako kisiwani Chapwani, huko hata viatu havilowi.) Bandarini kuna tope: kunja magoti, mapezi yawe juu, usiguse chini, la sivyo huoni hata geji yako. Na rusha boya kabla ya kupanda, boti hapo hazipungui.