Mtindo wa kutaja asili ya neno bila kutaja maana yake umemponza binti yangu

Wakuu, salaam. Zile nyuzi za "maneno ya Kiswahili yaliyokopwa" huwa nazisoma na kupita kimya. Leo sipiti.

Binti yangu yuko darasa la sita, hapa Unguja. Wiki iliyopita karudi na karatasi ya mtihani wa Kiswahili. Swali moja linauliza: "Neno KIMA lina asili gani?" Majibu manne: Kihindi, Kiarabu, Kireno, Kibantu. Neno limekaa peke yake, hakuna sentensi, hakuna picha. Yeye kachagua Kibantu, kapigwa kosa la wino mwekundu lililotoka mpaka nje ya kisanduku. Nikamuuliza kwa nini Kibantu. Akanambia, "Baba, si wale kima punju tuliowaona Jozani?"

Nikaenda skuli. Mwalimu hakuwa mkali, nimpe haki yake. Akanifungulia mwongozo wa kusahihishia: Kiarabu, basi. Nikamuuliza mwongozo kautoa wapi, akanionesha orodha kwenye simu, ya kusambazwa kwenye makundi, haina hata jina la mtungaji. Ni hizi hizi zinazobandikwa humu, watu wakajazana kushukuru "kwa elimu".

Sasa nisikilizeni. Hayo ni maneno matatu yaliyokutana kwenye sauti moja. Kima mnyama ni letu la Kibantu. Mganda anamwita enkima, na ukoo wa Nkima upo Buganda mpaka leo. Kima tunayotia kwenye sambusa imekuja na Wahindi, nao wameipata kwa Waturuki, ambao nyama iliyokatwakatwa kwao ni kıyma. Kile cha tatu, kima cha chini cha mshahara, ndicho cha Kiarabu, qima, yaani thamani. Na lugha yenyewe imeshayatenga zamani: kima huyu, kima hii, kima hiki. Mtoto anayejifunza kusema hakosei hapo! Mtunga swali alitakiwa aongeze neno moja tu, "hiki", na binti yangu angejibu sawasawa. Hakuongeza kwa sababu hakujua kwamba kuna la kuongeza.

Na si kima peke yake. Meza ya kulia chakula ni ya Wareno, waliotia nanga pwani hii mwaka 1498. Lakini kumeza dawa? Mchewa wa Malawi naye anasema kumeza, na hakufundishwa na Mreno. Sita ya kuhesabu ni ya Kiarabu, ambayo imelisukuma pembeni neno letu la kale mtandatu. Kusita mlangoni ni jambo jingine kabisa. Hema la kulala porini ni la Kiarabu, kuhema baada ya mbio si kwa Kiarabu. Tai wa angani na tai ya shingoni, hiyo hata haihitaji maelezo. Orodha niliyooneshwa imeandika "meza – Kireno", "sita – Kiarabu", "hema – Kiarabu", mstari mmoja mmoja, kama mtu anayeandika bei za dukani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sababu ya maneno yetu mafupi kugongana inajulikana. Kiswahili kimedondosha sauti ya "l" katikati ya maneno mengi. Mchewa anasema njala, sisi njaa. Anasema mvula, sisi mvua. Anasema khala, sisi kaa. Anasema makala, sisi makaa. Ukiing'oa ile "l", neno linabaki fupi, na maneno mafupi hayana nafasi ya kupishana. Hilo lingeelezwa darasani kwa robo saa, na watoto wangelipenda, kwa sababu wangeona lugha yao ina ndugu.

Badala yake tunaletewa undugu wa kubuni. Kuna mtu aliandika humu kwamba "dada" lazima limetoka India kwa kuwa Wahindi nao wana dada. Ndugu yangu, kwa Kihindi dada ni babu mzaa baba! Kuna lugha ya wenyeji wa Australia, Kimbabaram, ambayo ndani yake mbwa anaitwa dog, vilevile kama kwa Kiingereza, na maneno hayo mawili hayana uhusiano wowote. Mwanaisimu R. M. W. Dixon ndiye aliyelirekodi, na ukitazama lugha ya jirani, Kiyidiny, unakuta gudaga. Neno refu lililokatwa kichwa na mkia. Kwa Kijojia mama maana yake ni baba, na mama mzazi ni deda. Kwa hiyo kufanana kwa sauti mbili tatu si ushahidi wa kitu chochote.

Msinambie ni mambo madogo. Orodha hizi ndizo wanazozishika wale wanaosema Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika. Nimewasikia, hata kwa watu waliosoma. Mtoto anayekatwa alama kwa kusema kima ni Kibantu anafundishwa hivyo hivyo, kwa wino, tena na mwalimu wake.

Ombi langu kwa wabandikaji wa humu: kila neno liwekeeni maana na ngeli, au liacheni. Kamusi yoyote ya maana hutenga maneno ya namna hii kwa vitarakimu, hiyo kazi imeshafanywa, ni kufungua tu.

Mimi Jumatatu narudi skuli na kamusi mkononi. Nataka lile kosa jekundu lifutwe, na swali lile lisirudi kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka likiwa vilevile.