Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo: saa mbili za baroki (muziki wa Ulaya wa enzi za Bach) hewani, nipange vipi?

mpanga_vipindi
Wakuu, kipindi ni tarehe 24 Januari, saa 2 hadi saa 4 usiku. Studioni watakuwepo padre na mchungaji wa Kilutheri. Nimepanga kufungua na kantata (utungo wa kwaya na ala) namba 80 ya Bach, "Ein feste Burg". Sawa? Na FM iliyozoea bongo fleva itaubeba huu muziki?

besi_ya_pili
Hiyo usifungulie. Ni kantata ya Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, na wimbo wenyewe ulikuwa bendera ya Walutheri. Padre utakuwa umempokea kwa ngoma ya ushindi.

Anza na Dixit Dominus ("Bwana alisema"), zaburi ya Kilatini ya Handel: Mlutheri wa Halle, aliiandika Roma mwaka 1707 akiwa na miaka 22. Nzima ni kama nusu saa. Mtangazaji aangalie namba: kwenye Biblia zetu ni Zaburi ya 110, kwenye Vulgata, Biblia ya Kilatini, ni ya 109. Asipolisema hilo, simu zitaita.

Kiini cha usiku kiwe Misa ya Bach ya B maina, sehemu ya Kanuni ya Imani. Mlutheri wa Leipzig anampa besi maneno "unam sanctam catholicam", Kanisa moja, takatifu, katoliki, obo (zumari) mbili zikimzunguka. Mara inafuata kwaya ya sauti 5: "Confiteor unum baptisma", naungama ubatizo mmoja. Hapo ndipo pa kuwauliza wageni: nani anautambua ubatizo wa nani? Swali hilo moja lawatosha. Ukiwaachia salamu, nusu saa imekwenda.

fundi_mitambo
Kabla ya yote, zima mpangilio wa bongo fleva kwenye kompresa, mtambo unaosawazisha sauti kubwa na ndogo. Itaupandisha ukimya mpaka pumzi za waimbaji zisikike kama upepo, halafu kwaya ikiingia inaikandamiza. Weka uwiano mpole wa 2:1, pale pa sauti ya chini pandisha kwa mkono desibeli 3 au 4.

Faili ziwe WAV au FLAC. MP3 ya 128 kbps huiumiza harpsikodi, kinanda cha nyuzi za kudonolewa: kila mdonoo unatanguliwa na mchakacho kama wa mchanga. Na haki za Bach zimekwisha, ila za rekodi bado zipo. Ombeni kibali.

mpanga_vipindi
Shukrani. Confiteor naweza kuikata ikiisha, kabla ya kwaya inayofuata, "Et expecto"?

besi_ya_pili
Haiishi. Mwishoni inapunguza mwendo, inashuka, sauti zinapapasa gizani, kisha tarumbeta zinalipuka bila kituo. Ukikata, umeacha sentensi nusu. Tangu obo hadi mwisho wa tarumbeta ni kama dakika 11, zipangie zote.

fundi_mitambo
Kwenye CD nyingi hizo ni namba mbili tofauti. Programu iliyowekewa nyimbo zipishane sekunde 3 itaingiza tarumbeta juu ya ule mnong'ono. Weka sifuri, au ziunganishe ziwe faili moja. Kengele ya ukimya, ile inayoshtuka hewa ikinyamaza, nayo isogeze ifike sekunde 30, la sivyo katikati ya utulivu itajirushia jingo, kile kibwagizo cha stesheni.

mpanga_vipindi
Jingo ndiyo tayari ipo kwenye kengele. Naitoa sasa hivi.