Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib: kwa nini haupo tena?

Mpenda Mji Mkongwe:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Katika picha za kale za mji wa Unguja huonekana mnara mrefu umesimama peke yake karibu na ufuko, mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Wapo wanaosema kuwa ndio mnara wa saa tuliouzoea, na wengine husema ulikuwa wa kuongozea meli. Naomba mwenye ujuzi anieleze ulikuwa na kazi gani na uliishia wapi.

Mwana wa Shangani:
Waaleikum salaam. Hiyo ni minara miwili mbalimbali. Huo wa peke yake ulikuwa mnara wa taa, sehemu ya makasri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888 na kuijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Taa zake zilikuwa nyingi hata mabaharia wa Kiingereza wakauita mti wa Krismasi wa Sultani.

Kilichoukomesha ni vita vya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani wa wakati huo, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25, na Sayyid Khalid bin Barghash akajitangaza mtawala bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao walimtaka aondoke katika kasri kabla ya saa 3 asubuhi. Muda ulipokwisha, manowari zilizotia nanga bandarini zikaanza kupiga mizinga, na kwa muda usiozidi dakika 45 kasri la Beit al-Hukm likawa kifusi, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Kwa maoni yangu, mnara haukuwa na njia ya kunusurika: pale pale palipoufanya uonekane na vyombo vyote vinavyoingia bandarini ndipo palipouweka mbele ya mizinga.

Bibi wa Malindi:
Ahsante sana, Mwana wa Shangani, kwa maelezo hayo. Naongeza kwamba zipo picha zilizopigwa baada ya mashambulizi, na anayezitazama kwa makini ataona kuwa mnara haukuanguka: umesimama, lakini kuta zake zimetobolewa kwa makombora, na nyuma yake kuna magofu ya kasri. Beit al-Ajaib haikupata madhara makubwa. Ilipokarabatiwa mwaka 1897 ndipo mnara mpya wa saa ulipounganishwa na uso wa jengo, na ule wa taa haukurudishwa.

Mpenda Mji Mkongwe:
Nashukuru sana, Bibi. Je, meli zinazoelekea bandarini zilipata mnara mwingine wa taa?

Bibi wa Malindi:
Naam, mwanangu. Mwaka 1904 Waingereza walijenga mnara wa taa katika kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji, na huo ungalipo hadi leo. Ama kuhusu picha zako, kigezo ni chepesi: ukiona mnara umejitenga na jumba, picha ni ya kabla ya ukarabati wa 1897, na ukiona mnara umeshikana na roshani za Beit al-Ajaib, ni ya baadaye. Nawasihi wenye picha hizo majumbani waandike tarehe kwa nyuma, hasa baada ya sehemu kubwa ya jengo lenyewe kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa kuwa wanaolikarabati watahitaji kila ushahidi wa jinsi lilivyokuwa.