Klabu ya maigizo baada ya masomo: kikundi cha nje, mwalimu wetu au wanachuo? Kikao ni Jumamosi

MamaWawili
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mawazo, ila tafadhali bila kejeli. Shuleni kwa wanangu kuna klabu ya maigizo, Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Ilikuwa bure kwa sababu mwalimu aliyeianzisha alijitolea tu. Sasa kahamishwa. Kuna kikundi cha sanaa kimeleta barua, kinataka 30,000 kwa mwezi kwa kila mtoto. Wazazi wengine wanasema tumpe posho mwalimu mwingine wa hapohapo, na baba mmoja anataka tutafute wanachuo wa sanaa. Jumamosi tunakaa kuamua. Kipi kina unafuu? Binti yangu kaipenda hii klabu kupita kiasi, sitaki ife.

Fundi Mahesabu
Mleta mada, umetupa nusu ya habari. Shule ya serikali au binafsi? Watoto wangapi? Kikundi kinaleta watu wangapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

mzee_wa_kijiwe
30,000 ya kuchezacheza? Mpeleke tuisheni. Mtihani wa darasa la saba hauna swali la maigizo.

Sauti ya Nyuma
@mzee_wa_kijiwe kila uzi wa shule lazima uje na tuisheni yako. Mtoto anayeshika ukurasa mzima wa maneno akausema mbele ya shule nzima, Kiswahili cha darasani kitamshinda wapi?

mzee_wa_kijiwe
Wa kwangu kapata A bila kuvaa kilemba cha mfalme.

MamaWawili
Samahani, natumia simu. Ni shule ya msingi ya serikali, Dar. Darasa la tatu hadi la sita. Waliojiandikisha 38. Kikundi kitaleta wakufunzi wawili.

Fundi Mahesabu
Afadhali. Sasa tazama: 38 mara 30,000 ni 1,140,000 kwa mwezi. Vipindi vinane. Yaani kila kipindi mnakilipa zaidi ya 140,000. Kwa watu wawili! Hapo ndipo wazazi wanapopigwa, kulipa kwa kichwa. Mkufunzi akifundisha watoto 20 au 38 muda ni uleule, nauli yake ni ileile. Kaeni nao mpatane bei ya kipindi. Mfano 50,000 kwa kipindi, wote wawili. Hiyo ni 400,000 kwa mwezi, ukigawa kwa 38 ni kama 10,500 kila mtoto. Wazazi kumi wakishindwa kabisa, 28 waliobaki wanabeba kama 14,300. Bado ni chini ya nusu ya ile barua, na hakuna mtoto aliyefukuzwa.

Mwana wa Mzizima
Hesabu nzuri, ila umeshasikia ni shule ya serikali? Hapo ndipo penye kesi. Elimu bila malipo ipo tangu 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni mpaka walimu wakuu wakawa wanaogopa hata kutamka neno lenyewe. Mwalimu mkuu akishika hizo pesa, siku moja mzazi mmoja anapiga simu kwa mkuu wa wilaya na klabu imekufa. Lipitisheni kwenye kamati ya shule na mkutano wa wazazi, iandikwe kwenye muhtasari kwamba ni hiari, pesa washike wazazi wenyewe, na mtoto wa asiyechangia asiguswe.

Sauti ya Nyuma
"Hiari" ya shuleni tunaijua. Majina yanasomwa mstarini.

Mwana wa Mzizima
Ndiyo maana nasema washike wazazi, orodha isifike kwa walimu.

Bi Mkubwa Ilala
Mimi nitasema yangu, ndefu kidogo, mnivumilie. Mwanangu alikuwa shule binafsi, sitaitaja. Kikundi kikaja na bei ya huruma, 15,000 tu kwa mwezi. Wazazi tukashangilia. Mwezi wa pili ikaja barua ya mavazi, 35,000, na lazima ununue kwao kwa sababu "rangi zifanane". Mwezi wa tatu pesa ya mazoezi ya ziada. Halafu wakakodi ukumbi wa kifahari mjini na tukauziwa tiketi 10,000 kila kichwa, hata sisi tuliowazaa waigizaji. Mwanangu mwenyewe alikuwa mti. Mti! Kashika tawi la mwarobaini dakika arobaini hajasema neno.

Lakini lililoniuma si hilo. Kulikuwa na binti mmoja, mama yake muuza mbogamboga, na mdogo wake huyo mama ndiye anayemsomesha binti. Hawakulipa ya vazi. Yule mtoto alifanya mazoezi muhula mzima na maneno ya malkia alikuwa anayo kichwani. Siku ya onyesho wakamkalisha mstari wa mbele atazame, na sare yake ya shule, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini. Malkia aliyelipiwa akafika katikati akasahau. Kimya. Mkufunzi anapunga mikono pembeni. Basi yule binti akalitoa lile neno kutoka kwenye kiti, kwa sauti kamili, na ukumbi mzima ukageuka. Malkia akarudia, mchezo ukaendelea. Baada ya hapo mkufunzi akamfuata na kumwambia asirudie kuvuruga onyesho. Nilisimama nikaondoka na mwanangu, tawi lake mkononi.

Kwa hiyo MamaWawili, usiulize ada peke yake. Uliza mavazi, ukumbi, tiketi na usafiri wa siku ya onyesho. Iandikwe na wasaini.

Kaka Mpole
Daah. "Kuvuruga onyesho."

Msanii Mstaafu
Nimesoma Bagamoyo enzi hizo bado kinaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007. Vazi la dukani kwa mchezo wa watoto ni wizi. Khanga mbili za mama, boksi la friji likipakwa rangi unapata mlango wa ikulu, ndoo tupu za rangi zinatosha kuwa ngoma. Tena watoto wakitengeneza wenyewe wanajifunza zaidi. Mimi nashauri wanachuo. Wana ari, wanahitaji mazoezi ya kufundisha, mnawapa nauli na chakula tu. Wa TaSUBa wako Bagamoyo, ni mbali na mjini, lakini pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo wanaosomea sanaa za maonyesho.

Fundi Mahesabu
Mwanachuo akimaliza mazoezi yake anaondoka. Muhula ujao MamaWawili anarudi hapa kufungua uzi huuhuu.

Msanii Mstaafu
Na kikundi kikipata kazi ya tangazo la televisheni kitabaki Jumanne na Alhamisi kwa ajili ya 50,000 yako? Tusidanganyane.

Dada wa Ustawi
Mnazungumza pesa tu. Nani anakaa na watoto? Awe mwanachuo, awe kikundi, mtu wa nje asiachwe peke yake na watoto wa miaka minane. Lazima mwalimu mmoja wa shule awepo mwanzo hadi mwisho, na huyo ndiye mtakayempa posho. Kikundi kioneshe usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na majina ya wakufunzi, isiwe leo kaja huyu kesho kaja binamu yake. Na wanamaliza saa ngapi?

MamaWawili
Saa kumi na moja. Wengi wanatembea kwa miguu, ila kama kumi hivi wanapanda daladala.

Kaka Mpole
Saa kumi na moja jioni mwanafunzi wa nauli ya 200 apate daladala Dar? Konda anafunga mlango akiona sare tu. Watasimama kituoni mpaka giza. Bora msogeze mapema au iwe Jumamosi asubuhi.

Sauti ya Nyuma
Jumamosi sare hakuna, konda anadai nauli ya mtu mzima. Labda wavae sare hata Jumamosi.

Kaka Mpole
Wangu huwa anavaa shati la shule juu, chini jinzi. Konda mmoja kamwambia "wewe ni mwanafunzi nusu, lipa nusu".

Pwani Msanifu
Nawasoma kutoka Mombasa. Hapa Kenya tuna tamasha la drama la shule na vyuo, mashindano kutoka mashinani hadi taifa, na vipaji vinatoka kweli. Lakini angalieni msiingie kwenye mashindano mapema. Shule ikishaonja kombe, basi: mkufunzi wa kukodi, mandhari ya mbao ya kubebwa kwa lori, mavazi mapya kila ngazi. Mzazi ndiye anayeitishwa pesa, na mtoto asiye na kipaji cha kushinda anaachwa nje. Fanyeni mchezo mdogo, hapohapo shuleni, chini ya mti.

Malenga wa Dodoma
Mbona hamtaji ngonjera? Mathias Mnyampala alizieneza baada ya Azimio la Arusha na shule nzima nzima zilikuwa zinajibizana kwa beti. Hakuna jukwaa, hakuna vazi. Mistari miwili ya watoto, upande mmoja unauliza, wa pili unajibu. Watoto 38 wote wanaongea, hakuna mti. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anaweza. Gharama sifuri.

Sauti ya Nyuma
Ngonjera za kumsifu mgeni rasmi? "Karibu mheshimiwa, karibu shuleni kwetu", huku mheshimiwa anachati.

Malenga wa Dodoma
Ngonjera mbaya ni kosa la mtunzi. Waacheni watoto watunge ya konda na mwanafunzi, uone kama hamtacheka.

mzee_wa_kijiwe
Hiyo ya konda hata mimi ningekuja kuangalia.

Bi Mkubwa Ilala
Kumbe una moyo.

Mwana wa Mzizima
Turudi kwenye mada. Mama, huyo mwalimu wa hapohapo mnayetaka kumpa posho anaweza maigizo, au kachaguliwa kwa sababu yupo?

MamaWawili
Ni wa Hisabati. Anajitahidi. Kwa sasa mimi naona mwalimu asimamie, kikundi kije mara moja kwa wiki kwa bei ya kipindi, na mavazi tutengeneze nyumbani. Kikundi nimewapigia, wanasema bei ya kipindi "watajadiliana na uongozi". Na kikao cha Jumamosi kimesogezwa, mwenyekiti ana msiba Singida.

Dada wa Ustawi
Poleni. Uongozi wa kikundi cha watu wangapi?

MamaWawili
Wawili. Walewale.

Fundi Mahesabu
😂 Msishuke chini ya 50,000 wala msipande. Wakikataa, tafuteni wengine.

Msanii Mstaafu
50,000 kwa watu wawili, na nauli humo humo? Wasanii nao wanakula jamani. Wapeni 70,000.

Kaka Mpole
@Msanii Mstaafu nje ya mada kidogo, ngoma halisi ya ngozi Bagamoyo siku hizi inauzwaje? Ya kanisani kwetu imepasuka.